Mashua niliyonunua imejaa viraka vya waliotangulia: nianzie wapi?

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mvuvi wa Tanga. Nimenunua mashua ya mbao ya futi 28 kwa warithi wa mtu aliyefariki. Ilikuwa na rangi mpya nikairidhia. Wiki 3 baada ya kuanza kuvua ikaanza kuvuja. Ikiwa nangani tunakumba maji mara moja tu asubuhi, lakini tukitweka tanga na upepo ukashika, upande wa kulia unaingiza maji mpaka mtu mmoja anakaa na upo, kile chombo cha kukumbia maji, muda wote. Nilipofunua sakafu nikakuta saruji imemwagwa ndani ya ngama, kule chini yanakokusanyika maji, kutoka kwenye mlingoti hadi karibu na shetri, yaani nyuma, na kwa nje, chini ya rangi, kuna kiraka cha faiba kirefu kama mkono wa mtu. Fundi mmoja anasema tukalafati upya, yaani tujaze pamba kwenye mishono, na baada ya wiki moja niwe baharini niwahi kaskazi. Mwingine anasema chombo kimekufa, nikibomoe niuze kuni. Nimfuate yupi?

Jibu: Marahaba, na pole kwa yaliyokufika. Usimfuate yeyote kati yao kwa sasa. Huenda mmoja wao amesema kweli, lakini wote wawili wamehukumu chombo ambacho hakuna aliyekiona, kwa kuwa sehemu yenye ugonjwa imefunikwa na saruji, faiba na rangi. Siku ya kununua ulitazama rangi, na wengi wetu tumewahi kutazama rangi. Kosa kubwa zaidi litakuwa kuongeza ziba yako juu ya ziba za wenzako waliotangulia. Kila kiraka ulichokikuta kiliwekwa na mtu aliyetaka maji yasimame kesho yake, na ndiyo maana hakuna hata kimoja kilichojibu swali la kwa nini maji yaliingia.

Jambo lenye thamani kubwa katika maelezo yako umelisema kama la kupita tu, nalo ni kwamba mashua ikitulia maji huwa machache, na ikibeba tanga huwa mengi. Chombo kinachovuja kwa kiasi kilekile usiku na mchana, kikiwa nangani au safarini, mara nyingi kina tundu au mshono uliotema pamba. Chombo kinachovuja kinapofanya kazi ni chombo ambacho mbao zake zinacheza. Upepo ukilishika tanga, mlingoti hukandamiza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, na kuuvuta ubavu, na chombo kizima hujipinda kidogo. Kama misumari imeliwa au taruma, ule mti uliopinda unaoshika mbao kwa ndani, limeoza, ubao hukosa cha kuushikilia, na mshono hufunguka na kufumba kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Ukiutia pamba mshono wa namna hiyo, hata iwe pamba nzuri kiasi gani, utaitema. Kwa hiyo fundi wa kwanza anaweza kuifanya kazi yake kwa ustadi kabisa na bado ukarudi kwake kabla mwezi haujaandama mara mbili.

Kabla hujaipandisha, fanya jaribio moja katika siku yenye upepo wa wastani, karibu na pwani, bila mzigo. Angalia kama upande wa kulia unavuja ukiwa demani, yaani upande upepo unakoelekea, au ukiwa joshi, upande unakotoka upepo. Ukivuja ukiwa demani tu, yaani umezama zaidi ya kawaida, shuku mishono ya juu iliyokauka kwa jua. Ukiendelea kuvuja hata ukiwa joshi, ubavu ukiwa umenyanyuka, maji yanapita chini karibu na mkuku, palepale ilipomwagwa saruji. Hesabu pia upo ngapi unakumba kwa saa katika kila hali, uandike. Mtafute vilevile nahodha au baharia aliyefanya kazi na marehemu. Usiende kwake kwa ugomvi wala kudai fedha. Mwulize saruji ilimwagwa mwaka gani na ilikuwa baada ya tukio gani. Warithi pengine hawakujua chochote, lakini mtu aliyekaa na upo mkononi anajua chombo kinalilia wapi.

Sasa ipandishe. Subiri bamvua, yaani maji makubwa, la mwezi mchanga au la mwezi mpevu, kwa sababu katika mwambao wetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na chombo kitakachopelekwa juu kabisa ya mchanga kitakaa bila kuguswa na maji mafu, yale madogo, yatakayofuata. Kumbuka kwamba kwa sababu hiyohiyo utaishua wakati wa bamvua pia, na ukichelewa siku chache utangoja kama wiki 2 nyingine. Toa farumi yote (uzito wa kukituliza chombo), mlingoti na mashine kama ipo. Weka magadi, yaani magogo ya kukiegemeza chombo, chini ya sehemu zenye mataruma, usiyaweke katikati ya mataruma mawili, maana ubao mtupu ukibeba uzito wa chombo utapinda na kukupa uvujaji mwingine usiokuwapo.

Anza na saruji. Ipo desturi ya zamani ya kutia saruji ndani ya vyombo vya chuma, na ilifanya kazi kwa kuwa chuma hakivimbi wala hakinywei. Mbao huvimba zikinywa maji na hunywea zikikauka, na chombo cha mbao hujipinda kila wimbi linapopita, ilhali saruji haijui kujipinda. Kwa hiyo baada ya muda huachana na ubao kwa nafasi nyembamba kama ukucha, na katika nafasi hiyo maji hukaa mwaka mzima bila kuona hewa ya kutosha kukauka. Lililo baya zaidi, huziba zile tundu zilizochongwa chini ya mataruma ili maji yapite hadi mahali pa kukumbia. Kila chumba kati ya taruma na taruma huwa kidimbwi chake.

Ivunje kwa tindo na nyundo ndogo, ukianzia katikati na kwenda kingoni, vipande vya ukubwa wa kiganja. Usikubali mtu aingie na nyundo kubwa. Mbao za chini zilizokwisha kuchoka hupasuka kwa kishindo, na hapo utakuwa umejiongezea kazi ya ubao mpya. Niliwahi kuifungua mashua moja iliyozibwa hivihivi. Saruji ilikuwa ngumu na safi kwa juu, hata ikang'aa kwa kukanyagwa. Kipande cha kwanza kilipotoka, chini yake taruma la mkoko lilikuwa na umbo lake kamili, rangi yake nyeusi, na alama za tezo la fundi aliyelichonga zikionekana bado. Nikalisukuma kwa ncha ya kisu cha kupaa samaki bila kutumia nguvu, kikazama mpaka kwenye mpini. Lilikuwa limebaki sura tu. Mwenye chombo alikaa chini kwenye mchanga, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Kwa hiyo kisu na nyundo ndivyo vyombo vyako vya uchunguzi. Gonga kila taruma na kila ubao kwa nyundo nyepesi, huku mwenzako akiwa upande wa pili ameweka kiganja. Ubao mzima hulia sauti kavu yenye mwangwi. Uliooza hunyamaza, kama unagonga gunia la unga. Pale penye mashaka, sukuma kisu kukata njia ya nyuzi za mti. Kikiingia zaidi ya milimita 5 bila kulazimishwa, tia alama ya chaki. Usipuuze sehemu ya juu, hasa vichwa vya mataruma chini ya ukingo na fashini, zile nguzo za mbele na nyuma, mahali zinapokutana na sitaha. Uozo ni kazi ya kuvu, na kuvu hupenda maji matamu ya mvua kuliko maji ya chumvi. Mti ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hauozi. Ndiyo maana chombo kilichoachwa pwani bila kufunikwa msimu wa masika huharibika haraka kuliko kilichokuwa kinavua kila siku, na mashua ya marehemu inawezekana ilikaa hivyo wakati warithi wanatafuta mnunuzi.

Kisha ng'oa misumari michache, tuseme 8 au 10, kutoka sehemu mbalimbali, mingi iwe ya upande wa kulia. Itazame katikati, mahali ubao unapokutana na taruma. Kichwa chaweza kuwa kizuri na ncha ikawa nzuri, lakini hapo katikati maji yanapopenya msumari huliwa ukabaki na kiuno chembamba kama cha dondora. Mti unaouzunguka huwa mweusi na laini kwa kutu. Ukikuta nusu ya misumari uliyong'oa iko hivyo, umepata jibu la barua yako, kwa sababu huo ndio ubavu unaofunguka na kufumba. Tafuta pia skrubu za shaba ya njano, ambazo watu huzitumia wakidhani hazishiki kutu. Kutu hazishiki, lakini maji ya bahari hunyonya zinki iliyomo, zikageuka rangi ya waridi na kukatika kama mkate mkavu. Zote zitoke.

Kiraka cha faiba nacho kitoke, ingawa roho inaweza kukuuma kukitoa kama hakivuji. Inua ukingo wake kwa patasi pana. Kikibanduka chote kwa kuvutwa, kama ganda la ndizi, ujue hakikuwahi kushika. Gundi ya poliesta, ambayo ndiyo rahisi na ndiyo inayopatikana kila mahali, hushika vibaya kwenye mti wenye unyevu au uliokwisha kupakwa sifa (mafuta ya papa), na mti ukivimba chini yake huiachia. Maji hupenya kwenye tundu za misumari na kukaa kati ya faiba na ubao, yakiwa yamefichwa vizuri. Kwa kiraka kirefu kama mkono, nitashangaa usipokuta ubao uliopasuka au uliotobolewa na wale wadudu wa baharini, ambao kwa kweli ni jamii ya chaza ingawa wana umbo la mnyoo. Huingia wakiwa wadogo kwa tundu kama la sindano, wakakua humo ndani, na njia zao huwa na utando mweupe kama chokaa. Ukiona tundu 3 za sindano kwa nje, kata ubao uone ndani. Usizijaze tundu kwa putty ukaridhika.

Kazi yote hii ya kufungua ni ya siku 4 au 5, na ndiyo itakayokuambia kama fundi wa pili alisema kweli. Kipimo changu mimi ni hiki: mkuku ukiwa mzima, na fashini zote mbili zikiwa nzima, na angalau theluthi mbili za mataruma zikiwa nzima, chombo kinastahili kutengenezwa. Mkuku ukiwa umeoza au umevunjika mgongo, mkubalie yule wa pili, lakini usiuze kuni. Toa foromali (mti wa kubebea tanga), usukani, chuma na mbao zozote nzima, uvitie katika chombo kipya. Na kama mkuku ni mzima lakini nusu ya mataruma imekwisha, hapo ni hesabu ya mfuko wako. Mwite fundi asiyefahamiana na hao wawili, wa Pangani kwa mfano, au hata wa ng'ambo kule Nungwi, Unguja, akupe bei ya kutengeneza na bei ya kuunda mpya, uzilinganishe.

Tuseme umebahatika. Utaratibu wa kutengeneza unafuata mifupa kwanza na ngozi baadaye: mataruma, kisha mbao, kisha misumari, kisha kalafati, na rangi mwisho kabisa. Badilisha taruma moja kwa wakati, au moja na kuruka moja, huku ukiwa umeutegemeza ubavu kwa ndani na nje. Ukiyatoa mataruma 5 yanayofuatana kwa siku moja, mbao zitajinyosha, na umbo la chombo likishapotea halirudi. Chagua mkoko au mtondoo uliojipinda wenyewe kwa kufuata mkunjo wa ubavu. Tawi lililonyooka likichongwa kuwa pinde, nyuzi zake hukatika na litapasuka katika pigo kubwa la kwanza. Rudisha zile tundu za kupitishia maji chini ya kila taruma.

Kwa ubao, usikubali kipande kifupi kinachoziba tundu tu. Ubao mpya ufike angalau mataruma 3, na maungio yake yasikutane kwenye taruma moja na maungio ya ubao wa jirani. Mbao za mwembe ni za bei nafuu nazo huoza mapema. Chini ya maji, kama uwezo upo, tia mninga au mbambakofi. Misumari iwe ile iliyochovywa kwenye zinki ya moto, yenye rangi ya kijivu iliyofifia na mwili wa kukwaruza. Ile inayong'aa kama kijiko ina utando mwembamba sana, na haifai majini hata kwa mwaka mmoja. Toboa kwanza kwa keekee, tundu liwe jembamba kidogo kuliko msumari, ili ubao usipasuke. Zungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa kabla ya kupigilia. Usirudishe msumari mpya katika tundu la zamani. Lile la zamani lizibe kwa kijiti kilichochongwa na kutiwa mafuta, na msumari mpya uupeleke pembeni, usiwe katika mstari mmoja wa nyuzi na ule wa zamani.

Sasa ndipo tufike kwenye kalafati, na hapa nakuomba uwe na subira kuliko mahali pengine popote, kwa sababu vyombo vingi nilivyoletewa viliuawa na kalafati iliyofanywa kwa bidii. Mashua ikikaa juani wiki kadhaa, mbao hunywea na mishono huachama. Fundi mwenye haraka hukuta nafasi inayopitisha kidole, akaijaza pamba, na isipotosha akaongeza nyuzi za nailoni au za kiroba, akagonga mpaka chembeu, ile patasi ya kalafati, inaruka. Siku 3 baada ya kushuliwa mbao hunywa maji, huvimba, na kukuta nafasi yake imekaliwa. Nguvu ya mti unaovimba haizuiliki. Hung'oa misumari, huvunja mataruma, na hapo ndipo mwenye chombo anapoamua kumwaga saruji. Sitashangaa kabisa ikiwa hiyo ndiyo historia ya mashua yako.

Kwa hiyo, wakati wote chombo kiko mchangani, kifunike kwa makuti au turubai na ukimwagie maji ya bahari asubuhi na jioni, ndani na nje. Toa pamba yote ya zamani pamoja na nailoni. Mshono mzuri huwa umegusana kwa ndani na kuachama kidogo kwa nje. Ukiona mwanga wa jua ukiwa ndani, pamba haitakaa hapo, na dawa yake ni kupasisha ukanda wa mti upande mmoja wa ubao au kubadilisha ubao. Sokota pamba, ichovye katika sifa au mafuta ya nazi, uisukume kwa chembeu mara mbili kwa mkono wa wastani, na uache milimita 3 au 4 za kujaza putty. Ukigonga ukasikia ubao wa jirani unatikisika, simama.

Kama unataka kuchoma chini kwa makuti makavu ili kuua wadudu, fanya hivyo faiba na rangi za kiwandani zikiwa zimeshatolewa, maana moshi wake ni sumu na faiba hushika moto. Baada ya hapo paka deheni ya shahamu na chokaa chini ya mstari wa maji kama desturi, au rangi maalumu ya chini ya chombo. Zote mbili zinafaa zikirudiwa kwa wakati. Ndani ya ngama usipake rangi nzito ya mafuta. Paka sifa tu, ili mti upumue na ili wewe uone kila doa jeusi linapoanza. Kama unafunga mashine, kichunguze kwa kisu kile kibao cha nyuma kinapofungwa bolti, kwa sababu maji hupita kwenye tundu za bolti na kukiozesha kutoka ndani.

Kabla ya putty na rangi, mwalike mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, akione chombo kikiwa wazi, ili cheti utakachopata kiwe cha mbao alizoziona.

Kaskazi itakuwa imeanza. Najua maana yake kwa mtu mwenye mabaharia wanaomtegemea, na sina njia ya kukufupishia: kwa fundi mmoja na wasaidizi wawili, kazi kama hii huchukua wiki 6 hadi 8. Huenda ukaona afadhali kuingia ubia katika chombo cha mwenzako kwa muda huo kuliko kuharakisha.

Siku ya kushua, iache mashua nangani siku 2 bila kutweka tanga. Itavuja, usiogope na usiguse kitu, mbao zinakunywa. Siku ya tatu kumba maji yote, kausha ngama kwa gunia, subiri saa 6 na uhesabu upo. Linganisha na ile hesabu uliyoiandika kabla ya kuipandisha. Safari ya kwanza iwe bila mzigo, upepo mdogo, asubuhi, pwani ikionekana, kila mtu akiwa na jaketi la kuokolea. Mtu mmoja akae chini ubavu wa kulia, kwenye yale mataruma uliyoyabadilisha, na tochi mkononi, autazame mshono wakati upepo unaposhika tanga.